Kiti cha Kamera na Trei ya Bluu

Jumatatu, 9 Februari 2026
Hapana, siumwi. Nimeenda semina kwa hiari yangu. Mke wangu Bernadeta kauliza mara ya tatu, maana anajua shule niliikimbia darasa la tano. Nikamwambia sababu ni kiti.

Kiwandani Igogo wote tunasimama kwenye maji na mabuti kutwa. Sasa imeletwa kamera ya akili mnemba. Inachungulia minofu ya sangara na kusema huu mzima, huu mbovu. Wanunuzi wa Ulaya wana sheria: anayekaa na mashine hiyo lazima awe amefundishwa kuielewa, la sivyo samaki hawapokei. Na anayekaa, anakaa kweli. Kiti kina mgongo na mto. Kiko kimoja tu kiwanda kizima.

Mwenzangu wa kazi, Otuoma, naye anakitaka. Mtu mrefu kama nguzo ya umeme, sijui atakunjwa vipi.

Jumanne, 10 Februari
Mwalimu wetu, Madam Wilhelmina, kasema mashine haikuzaliwa na akili, inafundishwa. Wiki hii ni ya majaribio. Unaweka mnofu chini ya kamera, unabonyeza kitufe cha kijani kama mzima, chekundu kama mbovu, yenyewe inakariri. Katuonya inaweza kukariri kitu kisichohusu. Wenzangu wakaandika. Mimi sikuandika, nilikuwa natabasamu.

Otuoma kauliza swali refu kama yeye mwenyewe. Kasifiwa. Anajipendekeza sana huyo.

Jumatano, 11 Februari
Trei yake Otuoma ilipasuka zamani, akapewa ya bluu kutoka stoo. Sisi wote tuna nyeupe. Unaona ninakoelekea?

Mchana wameenda kula, mimi nikabaki kufanya mazoezi. Trei yake nikaiazima bila kumsumbua kwa kumwomba. Nikaweka minofu mizuri, ile ya kung'aa, nikabonyeza chekundu. Tena. Tena, mpaka kidole kikaota sugu. Msimamizi Nkwabi kapita, kanisifu kwa bidii. Nimekosa ugali kwa ajili ya elimu.

Alhamisi, 12 Februari
Kazi safi. Kila mnofu wa Otuoma, taa nyekundu. Samaki katoka ziwani alfajiri, mashine inasema kaoza. Nikampa pole. Nikamwambia kaka, teknolojia haina nyota na wewe, rudi Musoma ukalime mihogo. Kacheka kidogo. Halafu kahamishia mnofu uleule kwenye trei nyeupe. Kijani. Kaurudisha kwenye bluu. Nyekundu. Kakuna kichwa. Nikadhani ana chawa.

Ijumaa, 13 Februari
Siku ya mtihani. Asubuhi lori likashusha zawadi ya uongozi kwa waliomaliza semina: trei mpya, kila mtu yake. Rangi yake sitaki hata kuitaja.

Nikaitwa wa kwanza kukalia kiti. Jamani, kile kiti. Mgongo wangu ulitoa shukrani. Mkanda ukaanza kutembea na trei zile mpya. Nyekundu. Nyekundu. Minofu ya kiwanda kizima ikaelekea pipa la mbovu. Nkwabi kaniuliza, Luhaga, yote hii mibovu? Nikisema mashine imekosea, wataniuliza nimejuaje. Nikamwambia bosi, hii mashine imesoma kuliko sisi, tuiheshimu.

Otuoma kapitisha mkono wake mrefu juu ya kichwa changu, kabonyeza kitufe cha kusimamisha. Kasema haiangalii samaki hiyo, inaangalia trei. Madam kampigia makofi, kasema semina nzima ilikuwa ya kumfikisha mtu hapo tu. Halafu kauliza nani kaifundisha mashine ujinga huu. Nkwabi kakumbuka nani alikuwa na bidii mchana wa Jumatano.

Jumamosi, 14 Februari
Otuoma amekaa. Magoti yanagusa masikio, lakini amekaa. Mimi niko chumba cha barafu, nabeba makreti mpaka watakaponisamehe. Leo kapita kaniamkia: hujambo, mwalimu? Nimeitika vizuri tu. Cheo ni cheo. Maana Madam kasema kisa changu atakifundisha kwenye viwanda vyote vya ziwani, wajue mashine inavyoharibiwa. Jina langu atalificha. Wivu huo.

Hebu fikiria. Mchana mmoja, tumbo tupu, nimeifundisha mashine mpaka ikaelewa. Kosa lilikuwa la lori.

Kwa hiyo wewe unayesoma hapa, kazini kwenu kuna kamera kama hii, na kuna mtu anakukera? Niambie tu anapenda shati la rangi gani. Mashine niachie mimi. Yeye akianguka, wewe unapanda cheo, na kiti chako cha zamani nakichukua mimi. Kama hakina mto, nitakuja na wangu.