Kabichi Iliyochacha, Kitimoto na Tui la Nazi

Jumanne, 8 Julai

Leo nimeanza. Kabichi za Lushoto, ngumu kama mawe. Nimezikatakata, nimezifikicha na chumvi mpaka zikatoa maji yake zenyewe, nikatia tangawizi, kitunguu saumu na pilipili mbuzi. Zimo kwenye ndoo ya kufulia ya mke wangu. Anastazia hajui bado.

Wazo hili ni la kwangu, isipokuwa sehemu ndogo. Nilitazama kwenye simu mama mmoja wa Korea akichachusha kabichi. Halafu Mjerumani mmoja, mnene, mcheshi. Wote wanaipika na nyama ya nguruwe. Sawa. Lakini hakuna hata mmoja kati yao aliyefikiria tui la nazi! Hapo ndipo Tanga inapoingia. Hapo ndipo ninapoingia mimi.

Shemeji yangu Manase ana banda la kitimoto, nyama hiyohiyo ya nguruwe, kule Pongwe. Miaka yote anapika kilekile: nyama ya kukaanga, ndizi, kachumbari, basi. Na watu wanajaa. Sielewi. Jumapili ya tarehe ishirini binti yake Praxeda anapata kipaimara, na sherehe itafanyika palepale bandani. Ukoo mzima utakuwepo, na Padri. Nimemwomba Manase sufuria moja tu. Akakubali. Masikini. Hajui anachokikaribisha.

Alhamisi, 10 Julai

Anastazia ameiona ndoo. Alikuwa anataka kuloweka nguo.

Nilitegemea ugomvi, nikawa nimejiandaa. Hakugombana. Aliweka cherehani pembeni, akaketi, akaanza kunikumbusha taratibu: sungura waliokula waya wa televisheni, uyoga chini ya kitanda, juisi ya mkonge. Kisha akasema, kwa upole, na upole ndio ulioniuma, "Hii ni ya mwisho, Alex. Isipofaulu, Jumatatu unakwenda kumenya ndizi kwa kaka."

Nilikubali. Mtu mwenye uhakika hukubali upesi.

Lakini anataka ndoo yake, na chumba kimeanza kunuka. Nimeihamishia kabichi kwenye dumu kubwa lililokuwa la mafuta ya kula. Nimekaza kifuniko kwa nguvu zangu zote ili harufu isitoke. Dumu nimeliweka uani, nyuma ya bafu, ambako halimsumbui mtu.

Jumamosi, 12 Julai

Dumu limelipuka.

Kumbe kabichi ikichacha inatoa gesi. Yule Mjerumani alisema, sasa nakumbuka, ila nilikuwa nimeruka mbele kutafuta sehemu ya nyama. Na jua la leo lilikuwa linapiga pale pale. Kifuniko kilipaa juu ya bati. Robo ya kabichi ilitua kwenye kamba ya nguo ya Bi Mwamvua, mwenye nyumba wetu, alikokuwa ameanika mashuka meupe ya wageni wake kutoka Pangani.

Nilijifungia bafuni. Akaja akasimama mlangoni. Nikamwamkia shikamoo kutoka ndani. Akaitikia marahaba, akaniambia nitoke.

Bi Mwamvua ni mama mtu mzima, ameshika dini, na tangu tuhamie hapa Usagara hajawahi kutukosea heshima. Nasi tuna ahadi naye: kitimoto hakivuki kizingiti cha nyumba yake. Akanyoosha kidole kwenye dumu. "Mwanangu, niambie ukweli. Humu mmepita mdudu?" Nguruwe hamtaji kwa jina.

Nikamwapia kwamba hapana. Ni kabichi na chumvi na viungo. Nyama iko Pongwe na itabaki Pongwe, na dumu hili halijawahi kuiona. Alinikazia macho. Akaniamini. Akaniambia nifue mashuka.

Nimefua mbele ya wapangaji wote, nimechuchumaa kwenye beseni. Nilipoinua kichwa nikamwona amesimama kando ya dumu na uma mkononi. Anatafuna. Akachukua tena. Halafu akaingia ndani, akatoka na bakuli, akaniomba nimjazie.

Nilimjazia. Ningefanya nini? Ila nilisononeka. Ile ni kabichi ya kazi maalumu.

Jumatatu, 14 Julai

Bakuli la Bi Mwamvua limerudi, na ndani yake mkate wa kumimina. Wamekula kabichi na samaki changu wa kukaanga na wali. Mpwa wake Zuwena, yule wa Pangani, anaolewa mwezi ujao, na sasa wanataka kabichi hiyo kwenye meza ya biriani, mahali pa achari. Watalipa vizuri.

Nilimjibu kwa heshima kwamba mimi si muuza achari. Nina jambo kubwa zaidi mbele yangu. Anastazia alikuwa anashona karibu na dirisha. Nikasikia cherehani imesimama.

Jioni nilikwenda Pongwe kukagua jiko. Manase amenipa sufuria ya pembeni, upande moshi unakoelekea. Ni husuda ya wazi. Aliomba kuonja kabichi. Nilimkatalia. Nikamwambia ataionja siku hiyo, kama wengine, ikiwa imekamilika.

Jumapili, 20 Julai

Nitaandika kama yalivyotokea.

Nyama ililainika vizuri. Kabichi ikaingia, ikanukia, hata wapishi wa Manase waligeuka. Kisha nikamimina tui zito, lote kwa pamoja.

Tui limekatika. Ukali wa kabichi ulilikata mbele ya macho yangu. Mafuta yakapanda juu, mabonge meupe yakashuka chini, na katikati nyama ya watu inaelea kama imekufa maji. Nilikoroga. Ikawa mbaya zaidi. Nikaongeza tui lingine. Nalo likakatika.

Nilipakua hivyo hivyo, maana watu walishaketi. Padri alichungulia sahani, akasema tumbo lake halijatulia tangu misa. Praxeda, mwenye sherehe, aliniuliza taratibu kama ni uji. Baba mmoja wa Muheza alisogeza sahani yake polepole mpaka ikawa ya jirani yake. Jirani naye akaisogeza.

Mtu mmoja tu alikula. Anastazia. Aliketi pale mbele ya ndugu zake wote na gauni alilolishona kwa ajili ya leo, akala sahani nzima, kijiko baada ya kijiko, hakukunja uso. Sikuweza kumtazama. Nikaenda kusimama nyuma ya banda, karibu na kuni.

Kutoka kule nilimwona Manase akifunua lile dumu nililokuja nalo. Kulikuwa na kabichi iliyobaki. Akaonja. Akaita sahani za nyama yake ya kukaanga, akaweka rundo la kabichi kando ya kila moja, akaondoa kachumbari. Sikuwa na nguvu ya kumzuia. Baada ya muda nikasikia watu wanaomba kuongezwa. Si nyama. Kabichi. Padri, mwenye tumbo, aliomba mara mbili.

Anastazia alinifuata kwenye kuni. Akanifuta uso kwa ncha ya kitenge chake.

"Wamependa kabichi," akasema. "Kabichi yako, peke yake. Umefaulu, mume wangu. Unalia nini?"

Nikamwambia ni moshi.

Jumatatu, 21 Julai

Sikwenda kumenya ndizi. Manase alifika mwenyewe asubuhi, akavua kofia, akasema anataka dumu la kabichi kila wiki, na wateja wameshaanza kuiulizia. Hakunicheka hata kidogo. Nilikuwa nimetayarisha maneno makali, yamebaki bila kazi. Nimempa mkono.

Nikaenda kwa Bi Mwamvua nikamwambia nimebadili mawazo kuhusu harusi. Akafurahi, akasema ameshamwambia Zuwena, alijua tu nitarudi.

Anastazia ameshona mchana kutwa huku akiimba. Sijamsikia akiimba tangu wakati wa uyoga. Wakati wa chakula alinishika mkono, akaniomba jambo moja: kabichi ibaki vilevile, nisiongeze kitu. Nikamwahidi. Nilimaanisha kabisa.

Lakini nimekaa hapa barazani, nimefikiri. Ikiwa watu wamependa hivi kabichi ya kawaida, isiyo na ubunifu wowote, watafanyaje wakiipata iliyoboreshwa? Na harusi ina wageni wengi, wengine wanatoka hadi Mombasa. Nafasi kama hii haiji kila siku. Maziwa mgando. Ndizi mbivu. Kahawa kidogo, ya kuleta rangi.

Nimemwahidi Anastazia sitaongeza kitu. Na kweli, sitaongeza kitu. Nitaongeza vitatu.