Kibali Ndani ya Bitana

Jumatatu, 3 Machi

Mdogo wangu amepiga simu nikiwa kazini. Mama ameteleza bafuni, nyonga imevunjika, atapasuliwa wiki ijayo. Nilikuwa kwenye mashine kubwa ya pasi, shuka za hoteli zinaingia mbichi na kutoka kavu, kelele mtindo mmoja. Nikamwambia arudie. Akarudia. Shuka moja ikaungua.

Miaka mingi sijamwona mama. Si kwamba sitaki. Mimi na mke wangu tuko nchi ya watu. Kadi zetu za ukaazi zimeisha muda, maombi ya kadi mpya tulishapeleka, na kila tukiuliza tunaambiwa yanashughulikiwa. Hatufukuzwi, hatukaribishwi. Ukitoka hujui kama utafunguliwa mlango ukirudi. Na huku ndiko aliko mke wangu, na binti yetu, na kitanda changu.

Nimerudi nyumbani nimechoka hadi kwenye kope. Nikamwambia mke wangu naanza kufikiria njia. Akavuta kiti, akakaa. Nikisema nafikiria, yeye hukaa kabisa.

Jumatano, 5 Machi

Mke wangu amenipeleka kwa wakili. Mama mmoja mpole, sauti ya chini, miwani juu ya kichwa. Akasema niombe kibali cha kusafiri na kurudi. Mzazi akiwa mgonjwa hakichelewi. Nikikipata nisafiri, nikionyeshe, niseme ukweli, nirudi kabla hakijaisha.

Nikamwuliza, halafu?

Akasema hakuna halafu.

Hata hivyo akaongeza kwamba kibali si ahadi. Afisa wa uwanja wa ndege ana haki ya kuniuliza maswali, na akitaka anaweza kunikatalia kuingia, ingawa yeye kama wakili hajaona akikataliwa mtu aliyejibu sawasawa. Mke wangu alisikia "sawasawa". Mimi nilisikia "kunikatalia".

Kazini nikamweleza Bingwa. Bingwa ndiye dereva wa gari la kupelekea nguo hotelini. Kwa maelezo yake hakuna mpaka ambao hajauvuka, ingawa likizo zake zote huzimalizia kwa shemeji yake mtaa wa pili. Alitikisa kichwa kwa huruma. Akasema wakili anajua sheria lakini hajui watu, na pale uwanjani haikai sheria, anakaa mtu.

Sijawahi kusikia neno la busara kama hilo.

Jumanne, 11 Machi

Kibali kimetoka. Mke wangu alikwenda kukichukua mwenyewe, maana aliogopa kunituma.

Nimesikitika. Nilitegemea kitu chenye muhuri wa kung'aa, chenye uzito mkononi. Hii ni karatasi moja ya kawaida, maandishi meusi, imechapwa kidogo upande. Risiti zetu za dobi zina heshima kuliko hii. Bingwa aliigeuza mara mbili akasema kutembea nayo ni kama kutembea na kengele shingoni. Kabla hujafungua mdomo, imeshawaambia huna kadi. Dawa yake ni moja. Ifichwe, iwe akiba ya mwisho kabisa. Kwanza nipite kama mtu asiye na shida.

Basi nimefumua bitana ya koti langu jeusi, nikaichomeka karatasi ndani, nikaishona tena kwa mshono wa kujificha. Kazi safi. Hata aliyelishona koti asingejua.

Jioni mke wangu akauliza kibali kiko wapi. Nikasema mahali salama. Yeye ni mhudumu kwenye makao ya wazee. Akanitazama vile anavyowatazama wale wanaosema wameshameza dawa.

Alhamisi, 13 Machi

Nimeondoka. Binti yangu alinikumbatia akiwa amevaa sare ya shule, akaniuliza kama nitarudi. Nikasema bila shaka. Akamwuliza mama yake swali lilelile. Hilo liliniuma.

Uwanjani nikajikaza kisabuni. Nilikuwa nimejiandaa kuwa mshauri wa viwanda vya nguo, mtu wa safari nyingi, mwenye haraka. Nimefanya mazoezi mbele ya kioo cha chooni kazini. Afisa hakuuliza lolote. Akagonga muhuri, akanitakia safari njema.

Safari njema. Alimaanisha nini? Kutoka kila mtu anatoka. Mtego wa panya nao una mlango mpana wa kuingilia. Sikulala njia nzima.

Ijumaa, 14 Machi

Mama alipasuliwa jana. Nimefika wodini nikapita kitanda chake bila kumtambua. Amekuwa mdogo. Ni yeye aliyeniita, kwa jina la utoto ambalo sitaliandika hapa.

Akanishika uso kwa mikono miwili. Akasema nimenenepa. Halafu akalia kidogo, halafu akasema tena nimenenepa, kwa ukali, ili nisahau kwamba amelia.

Mdogo wangu alikuwa kwenye kiti cha pekee kilichopo. Ni fundi wa mabomba, ameacha kazi zake tangu mama aanguke. Anajua saa za dawa, anajua wauguzi, anajua mama hulalia ubavu gani. Alinipisha kiti mara moja. Huwezi kugombana na mtu wa hivyo, na mimi nilikuwa nimechoka, natamani kugombana.

Nilikuwa nimemletea mama mto mzuri wa hoteli, mzito, uliojaa manyoya. Nikamwinua nikamwekea. Muuguzi akaja akauondoa. Akasema nyonga mpya haitaki kuinuliwa hivyo, na nani kaufanya upuuzi huu. Mdogo wangu akasema ni yeye. Angenicheka tu, nisingeumia hivi.

Jumatatu, 17 Machi

Siku tatu hizi nimezimalizia kwenye korido. Simu kwa Bingwa, simu kutoka kwa Bingwa. Wazo la kwanza lilikuwa nirudi kwa basi, nipitie kituo kidogo cha mpakani ambako afisa hupenda kusinzia. Bingwa hakumbuki kituo chenyewe. Wazo la pili lilikuwa nifungwe plasta mkono wa kulia, nisiweze kutoa karatasi yoyote. Nikamfuata muuguzi yule wa mto. Akaniuliza mkono umefanya nini. Nikasema bado. Akaita mlinzi.

Nilivyorudi wodini mama alikuwa macho.

"Umekuja kunitazama mimi, au umekuja kutazama simu?"

Nikasema nashughulikia mambo ya kurudi.

"Hujakaa, unarudi."

Nikasema mama, huelewi, wakinizuia kule sitamwona mke wangu, sitamwona mtoto. Sauti ikanigeuka katikati. Sikupanga iwe hivyo. Nilikuwa nimechoka tu. Mgonjwa wa kitanda cha jirani akageukia ukutani ili asisikie.

Mama akasema kucha zake za miguu zimekuwa ndefu, na hawezi kuinama, na mdogo wangu ana mikono ya bomba. Nikazima simu. Nikaazima mkasi. Nikamkata kucha, taratibu, kidole kwa kidole, mguu wake juu ya paja langu. Mguu wa mama ni mwepesi sasa. Akaniuliza habari za mjukuu wake, nikamweleza jinsi anavyobishana na walimu. Akacheka mpaka akashika nyonga.

Tulikaa hivyo hadi chai ya jioni. Kwa saa hizo sikuwa na mpango wowote. Sijui niliwezaje.

Jumatano, 19 Machi

Leo mama amesimama. Kashika kile kigari chake cha kutembelea, akavuta hatua hadi dirishani, muuguzi nyuma yake, mdogo wangu pembeni, mimi mbele nikirudi kinyumenyume na mikono imetanuliwa kama kipa. Akaniambia niondoke mbele, namzibia njia.

Wakati wa kuagana alinivuta akaninong'oneza. "Nenda kwa mkeo. Mimi mguu wangu umeshaungwa, wewe usije ukavunja wako."

Mdogo wangu akanisindikiza uwanjani, amenibebea begi, hataki nilishike. Akaniambia, "Kaka, wakikuuliza, sema tu mama alikuwa mgonjwa." Nikamgusa bega. Ni mtu mwema sana. Hana ubunifu hata kidogo.

Alhamisi, 20 Machi

Naandika nikiwa nyumbani. Niseme hivyo kwanza.

Kwenye ndege niliketi katikati ya kwaya ya wastaafu. Walikuwa wanarudi kutoka mashindano, wote wamevaa skafu za zambarau, wote wana furaha, wote wana kadi. Bibi wa pembeni yangu alilala begani kwangu safari nzima, na tulipotua akaisahau skafu yake kwenye kiti. Nikaiona. Nikaangalia huku na huku. Moyo ukaniambia, riziki hiyo.

Kusema kweli sikuiiba. Niliivaa tu kuelekea alikokwenda mwenyewe.

Nikaingia kwenye foleni yao. Walikuwa wanapita kama maji, afisa anatabasamu tu. Mbele yangu mzee anaimba polepole, nikaitikia kwa kuguna. Mambo yalikuwa yananyooka. Nikafika dirishani. Afisa, mwanaume wa makamo, macho mekundu ya zamu ndefu, akaniuliza kama niko na kwaya.

Nikasema ndiyo.

Akaniuliza naimba sauti gani.

Nikasema ya nne.

Akamwita mwalimu wa kwaya. Mama mmoja mrefu, mgongo umenyooka kama rula. Akanitazama kuanzia utosini hadi kisiginoni, akasema sauti ya nne anao watano, wote anawajua tangu wana nywele, na huyu si mmoja wao. Halafu akamwona yule bibi anatafuta skafu yake.

Sitaki kueleza kwa urefu. Nilipelekwa chumba cha pembeni, chenye meza moja na viti viwili vilivyofungwa sakafuni. Afisa akaja mwenyewe. Akaniuliza nina kibali gani. Nikasema mimi ni mshauri wa viwanda vya nguo. Akauliza tena. Hapo nikaona maji yamenifika shingoni, nikavua koti nikaanza kuing'ata bitana kwa meno. Akaruka akasimama. Akaita mwenzake. Nikaeleza, uzi mdomoni, kwamba karatasi imo ndani. Wakaninyang'anya koti, wakafumua wenyewe kwa wembe, vibaya sana, wameharibu mshono wangu.

Afisa akaikunjua karatasi. Akaisoma. Akaisoma tena. Akaingiza namba kwenye kompyuta.

"Hiki kibali ni halali," akasema.

Nikasema najua.

"Sasa kwa nini hukunionyesha?"

Nikamwambia ukweli, kwamba niliogopa. Kwamba karatasi yenyewe ni nyepesi. Kwamba nina mtoto ng'ambo ya ule mlango. Akasema kwa kibali hiki ningepita kabla kwaya haijamaliza kushuka, lakini sasa nimeshadanganya, na uongo una utaratibu wake. Huenda nikapandishwa ndege ya kurudi. Akatoka.

Nilikaa mle. Sijui muda gani. Nilimfikiria binti yangu akimwuliza mama yake swali lake. Nilifikiria hata kile kitanda chetu, upande wangu umebonyea. Nikaikalia mikono yangu.

Afisa akarudi na simu, ameiweka sauti ya nje. Alikuwa amempigia mke wangu. Akamwuliza huyu mtu ni nani, na alikwenda wapi.

"Ni mume wangu," mke wangu akasema. "Alikwenda kumwona mama yake, amevunjika nyonga. Hayo ni kweli. Mengine yoyote aliyokuambia, nisamehe."

Afisa akajipangusa uso kwa kiganja. Sidhani alicheka, ila mabega yalitikisika. Akaandika maelezo mafupi, akaniambia yataingia kwenye jalada langu na yatasomwa. Akagonga muhuri. Akanirudishia koti likiwa limening'inia matumbo nje.

Mke wangu alikuwa kwenye kizuizi cha kusubiria, bado na sare ya kazini. Nilitegemea maneno. Aliliangalia koti, akaweka paji la uso kifuani kwangu, akaliacha hapo. Kisha akauliza, "Mama?"

Nikasema anasimama.

Jumapili, 23 Machi

Nimelala siku mbili. Nimeamka na akili safi, nikayapitia mambo yote kwa utulivu.

Ukweli usiopingika ni kwamba niliondoka, nikamwona mama, nikarudi, niko ndani. Mtu anayetazama matokeo hawezi kuita hilo kushindwa. Kasoro ilikuwa moja tu. Ningesema sauti ya tatu. Sauti ya nne huwa wachache, wanajulikana.

Bingwa anakubaliana nami. Amekwishawasimulia watu wa hotelini kwamba mpango ulikuwa wake.

Wakili amepiga simu. Ofisi ya uhamiaji inatuita Alhamisi kuchukuliwa alama za vidole, dalili kwamba kadi ziko karibu. Amesema twende mapema, tubebe pasipoti, tujibu tunachoulizwa. Amerudia mara mbili, na mara ya pili akaomba kuongea na mimi peke yangu. Mke wangu ameshatayarisha nguo zetu.

Mimi nimetafakari. Pale watu husimama foleni hadi miguu inavimba, na kuna yale maelezo kwenye jalada langu. Lakini mgonjwa hapangi foleni. Na nani atamhoji mgonjwa mambo ya kwaya? Nimepita kwenye makao ya wazee mke wangu akiwa zamuni ghorofa ya juu, nikazungumza na mtunza stoo, na kiti cha magurudumu sasa kiko nyuma ya mlango wa bafu, nimekifunika taulo. Breki ya kushoto haishiki vizuri.

Haidhuru. Ofisi yenyewe iko chini ya mteremko.