Kengele ya Mita Thelathini

Jumatatu, 1 Mei

Sikukuu. Bendi ya shule imepita chini ya dirisha langu ikipuliza tarumbeta kinyume cha upepo. Sikutoka. Nina jambo.

Jumapili ni siku ya kengele. Klabu nzima ya wapiga mbizi wa Skorvika itashuka kwenye kengele ya meli iliyofungwa mwambani, mbele ya gati letu. Kila mtu ataigonga na kupanda. Juu, mwenyekiti wetu Gunnvor atasoma kompyuta zetu za mbizi, zile saa nene za mkononi, aone kina kikubwa kabisa kilichoandikwa. Anayezikaribia mita thelathini kuliko wote bila kuzivuka hupewa kiti chenye ngozi ya kondoo, kando ya jiko la kuni katika banda la klabu, msimu mzima. Anayezivuka hupika vafler, vikate vyetu vya miraba, nje, chini ya ukingo wa paa. Msimu mzima vilevile.

Kengele ni moja. Mwamba ni mmoja. Lakini hakuna kompyuta mbili zinazokubaliana, na hapo ndipo penye utamu.

Mimi hukaa mlangoni. Mlango haufungiki. Hadithi zote za banda husimuliwa pale kando ya jiko. Huanza kwa sauti kubwa na kuishia kwa mnong'ono. Miaka yote hii nimesikia mianzo tu. Watu wakicheka, nami nacheka. Sijui nacheka nini.

Mwaka huu kiti ni changu.

Jumanne, 2 Mei

Mazoezi, baada ya chakula cha mchana. Tulishuka wawili, mimi na Oddvar. Nahodha mstaafu wa feri. Amekikalia kile kiti mpaka ngozi imechukua umbo lake.

Tuligonga kengele bega kwa bega. Kompyuta yangu: 28.6. Yake: 29.2. Bega kwa bega!

Tulipopanda alinipiga mgongoni akaniambia pole, Mzee Makame, hiyo saa yako inaogopa kina. Nikacheka. Kwa meno tu.

Nimekesha na kijitabu cha maelezo. Kimeandikwa kwa Kijerumani. Sikijui Kijerumani, lakini hasira hutafsiri.

Jumatano, 3 Mei

Nimevumbua!

Kumbe kompyuta haipimi kina hata kidogo. Hupima jinsi maji yanavyoikandamiza, kisha hukisia. Yangu hudhani ipo kwenye maji ya chumvi. Ukiiambia ipo kwenye maji matamu, ambayo ni mepesi, husema: loo, maji mepesi hivi yanikandamize hivi? Basi tumeshuka mbali! Huongeza kina. Ile ya Oddvar imefungwa katikati tangu kiwandani, si chumvi si tamu, kama siasa zake.

Nikapiga hesabu. Ile 28.6 inakuwa karibu 29.5. Nikabonyeza vitufe viwili. Nimekaa kwenye kochi na soksi zangu za sufu, na nimeshuka karibu mita nzima.

Kuhakikisha, nikaitumbukiza kwenye pipa la maji ya mvua, mkono mpaka kwapani. Jirani Sunniva akachungulia juu ya ua, akauliza natafuta nini. Nikasema pete. Akasema hajawahi kuniona na pete. Nikasema ndiyo maana naitafuta.

Alhamisi, 4 Mei

Dhamiri imenisumbua mpaka saa nne asubuhi. Nikaamua kuitafutia kibali.

Theluji inayeyuka milimani na mito yote inamwagikia kwenye fjordi yetu, mkono wa bahari uliobanwa na milima. Kwa hiyo maji yetu ni matamu. Nani atabisha? Nikateka chupa moja gatini, nikampelekea Gunnvor bandani, nikamwomba aonje. Akaonja. Akasema kweli, ni kama mchuzi wa hospitali.

Nikaanza kushangilia. Oddvar akainuka kwenye ngozi yake bila haraka, akachukua chupa, akaimwaga, akatoka nayo gatini, akaifunga jiwe na kamba mbili, moja ya kizibo, akaishusha mpaka chini, akavuta kizibo, akaipandisha. Gunnvor akaonja akatema ndani ya ndoo. Akaniambia, Makame wangu, matamu yanaelea juu. Kengele iko juu?

Nikasema sehemu ya safari iko juu.

Walicheka wote. Kisha Gunnvor akatoa hukumu, na nainakili hapa kwa furaha: kila mtu na kifaa chake, akiweke atakavyo, ila akivuka thelathini asitafute wa kumlilia.

Nimeruhusiwa! Oddvar akasema hana neno, naye ana mbinu yake. Mbinu gani? Akachochea moto.

Ijumaa, 5 Mei

Sijala vizuri. Mbinu gani?

29.5 haitoshi tena. Nahitaji akiba. Nimesimama mbele ya kioo na futi ya fundi nguo. Kompyuta ipo kwenye kifundo cha mkono, na mkono ukining'inia chini kabisa, kifundo kitashuka chini ya ile kengele kwa sentimita thelathini. Hizo nazo ni kina! Kwa mkono wa kulia nitagonga, wa kushoto nitaushusha kama mtu aliyeangusha ufunguo. Jumla, 29.8. Oddvar hana pa kupita: nimemfungia mlango na madirisha.

Jioni mwezi mpevu umesimama juu ya fjordi, mkubwa, wa kujitosheleza. Nikaukumbuka ule wa kwetu Pemba, marehemu baba akiutazama mwezi kama huu na kuniambia mambo mengi kuhusu bahari, ambayo sikuyasikiliza kwa sababu nilikuwa nautazama mwezi. Nimeutazama tena saa nzima. Mzuri kweli.

Jumamosi, 6 Mei

Nimefanya mazoezi ya kushusha mkono barazani. Sunniva ameuliza kama pete imeonekana.

Jumapili, 7 Mei

Naandika haraka, mikono inanuka siagi.

Tulikusanyika saa sita kasoro. Gatini, Oddvar aliniambia, kwa sauti ya kawaida kabisa, Mzee, maji yamejaa leo, tazama. Nikatazama. Ngazi ya gati ilikuwa imemezwa vidato vitano. Nikajua mara moja: ananitisha. Hiyo ndiyo mbinu yake! Nikamwambia Mpemba hatishwi kwa maji, bwana. Akasema haya.

Tukashuka. Baridi ya kung'oa meno. Kengele ile pale. Oddvar akaigonga kwa mkono mmoja, na ule wenye kompyuta kaunyoosha juu ya kichwa, kama mwanafunzi anayeomba ruhusa ya kwenda msalani. Nilicheka mpaka maji yakaniingia kwenye barakoa. Nikagonga. Nikashusha wangu mpaka ukagusa mchanga. Nikauchimba kidogo.

Juu, Gunnvor akaisoma ya Oddvar: 29.6. Nikamnyooshea yangu bila kuitazama, kama mfalme anayetoa mkono ubusiwe.

30.9.

Banda zima likanguruma kwa kicheko.

Nikadai kifaa kimeharibika. Gunnvor akaniketisha kwenye ngazi, akanieleza taratibu kama anayemvua mtoto koti. Jumanne maji yalikuwa yamekupwa. Leo ni bamvua, maji makubwa ya mwezi mpevu, yamepanda zaidi ya mita. Oddvar alilijua, ndiyo maana alipandisha mkono. Mimi nikaongeza mkono chini na maji matamu juu yake. Akachukua kalamu, akapiga hesabu kwenye kiganja cha glavu. Akasita. Nikamwambia sema.

Akasema ningeiacha saa kama ilivyotoka dukani na mkono wangu kama alivyouumba Mungu, ningesoma 29.7. Kiti kingekuwa changu.

Oddvar hakucheka. Bora angecheka. Alinifunga aproni yeye mwenyewe, akaniambia nisikimbilie kugeuza, cha kwanza huungua daima. Kiliungua. Ndani wakaanza hadithi. Nilisimama nje ukutani na mwiko wangu. Sasa hata mianzo siisikii; nasikia vicheko tu, na mvuke unaniingia machoni. Nasema mvuke.

Jumatatu, 8 Mei

Nimelala, nimeamka, nimeelewa kila kitu. Kosa halikuwa mpango. Mpango ulikuwa safi. Kosa lilikuwa bahari.

Mwakani hainipati. Maji matamu yabaki palepale, mkono ubaki palepale, na nitajua maji yamejaa kiasi gani, kwa saa na kwa dakika. Asubuhi nimekwenda dukani bandarini nikanunua jedwali la kujaa na kupwa, jalada gumu, nusu bei.

Muuzaji akanionya mara mbili kwamba hilo ni la mwaka jana. Nikamwambia, mwanangu, mimi nimezaliwa pwani. Bahari ni ileile.