Plake ya Matundu Munane

Siku ya kwanza, tarehe 7 Juni
Niko na miaka makumi saba na munane. Nimezika bibi wawili, ng'ombe kumi na moja, na Zaire yote nzima. Ilizaliwa nikiwa mwanaume muzima, ikakufa, na mimi Sebarenzi wa Kibabi ningali natafuna mahindi.

Leo kamio ilileta vyuma vya paa mupya ya tribini ya watazamaji, pale kwa stadi yetu ya mpira, fasi upepo ulibeba mabati. Nikamufata Injeniere Astrid, binti wa Goma mwenye kofia nyeupe. Nikamuambia vyuma havifungwi hivyo, mimi njo nilifunga daraja la Kibua mu 1969. Anasema asante Papa, ukae kivulini. Kivulini! Bienvenu, mukubwa wa wafanyakazi, akauliza kama si ile daraja yenye ilianguka. Ilianguka, ndiyo. Lakini kisha miaka mbili! Miaka mbili si kidogo.

Saa sita wakazunguka sahani ya bugali, watu tisa, wanacheka. Hakuna mwenye aliniita. Sikuwa na njaa.

Siku ya pili, tarehe 8
Niliketi kivulini, kwa kupenda kwangu. Nimechunguza. Kila fremu ya paa iko nusu mbili. Zinapanda, zinakutana juu, na pale katikati kuko plake moja ya chuma yenye matundu munane. Bulo munane zinaingia mu matundu, kle ya fundi inazikaza, basi. Bila plake, nusu zinaangaliana tu kama bibi na bwana wenye kugombana. Fremu tatu zimesimama. Imebaki ya ine.
Nimepata akili kubwa. Sitaiandika, karatasi iko na mudomo.
Nitaiba plake.

Siku ya tatu, tarehe 9
Imefanyika! Wakiwa kwa bugali, niliingiza plake mu mufuko wa viazi. Nzito! Mugongo unalia.
Sasa sikiliza akili. Kwetu, muntu akikuja kuomba kitu, hasemi neno akisimama. Anaketi, anakunywa, njo anasema. Watatafuta, watasikia Sebarenzi iko nayo, watakuja. Wataketi! Nitatoa hadithi ya daraja tangu mwanzo mupaka mwisho, na hakuna mwenye ataondoka mbele sijamupa plake.
Nimepanguza viti tatu. Tangu Mukagasana, bibi wangu wa pili, alikufa, kimoja tu njo kinatumika. Nimenunua bidoni ya kasiksi, pombe ya ndizi nzuri.

Siku ya ine, tarehe 10
Nimevaa koti. Nimengoja.
Asubui Mama Emérita, jirani yangu mujane, alileta sahani ya sombe na akataka kuketi. Nikamuambia viti vina wenyewe. Akaangalia viti tatu, vitupu. Akauliza wenyewe ni nani. Nikasema Injeniere na watu wake. Akasimama pale kwa mulango, akauliza kama nimekula, akaenda. Wanawake wanapenda kupotezea muntu wakati.
Hakuna mwenye alikuja. Pengine mvua.

Siku ya tano, tarehe 11
Emérita tena! Na kiti yake mwenyewe kichwani, na maharagi ya kuchambua! Anasema leo sitagusa viti vyako, Papa. Nikamufukuza kwa heshima. Injeniere akinikuta na maganda ya maharagi, atafikiri nini?
Kisha nikasikia mashine inakata chuma. Nikashuka mbio, mbio ya umri wangu. Fremu ya ine iko juu! Walichukua kipande chenye kilibaki, wakakata, wakatoboa matundu munane. Saa moja tu.
Nikamuuliza Bienvenu kama walitafuta ile ya kwanza. Anasema kutafuta kwa nani, Papa? Chuma iko mingi.
Nilirudia njia ya juu, ya mbali.

Siku ya posho, mwisho wa kazi ya juma, tarehe 12
Kamio imeenda na watu wote. Astrid alinipungia mukono. Ao alikuwa anafukuza nzi.
Kasiksi imekuwa kali kama siki. Nimekunywa tu. Niliweka plake kwa kiti ya mbele, nikaihadithia daraja lote. Haikunikata neno. Wakati nilifika pale inaanguka, haikucheka.
Kwa Emérita kulikuwa kicheko. Iko na dada yake Valérie. Ukuta wetu ni mwepesi sana.

Siku ya Mungu, tarehe 13
Kisha misa, Emérita ananiambia leo amepika kuku, nikuje, fasi iko. Ningekubali. Lakini padri alitangaza juma hili wanaleta mulango mukubwa wa chuma wa stadi, na mafundi wapya, ine. Mulango hausimami bila bawaba. Plake walikata ingine, sawa, lakini bawaba hawatakata!
Basi lazima nikae nyumbani, nipange viti mbele ya kuiba. Nikamuambia Emérita siwezi, niko na wageni. Nikamuomba kiti cha ine. Alikileta mwenyewe, akakipanguza, akarudi kwa kuku wake.
Mwenye anafikiri ninadanganya juu ya wageni, aende kwa Mama Emérita, mulango wenye unafuata wangu. Yeye njo shahidi. Alipita hapa kila siku.