Gesi Yangu Iliyotoroka Sandukuni

Kwa Bwana Meneja, Kiwanda cha Masanduku ya Baridi,

Pole na kazi. Mimi ni muuza aiskrimu, na ninakuandikia kwa heshima zote kuhusu gesi yangu, ambayo imetoroka.

Niliponunua sanduku lenu, muuzaji alinieleza kwamba kuta zake zimejaa povu gumu, na kila kijipovu kimefungiwa gesi inayozuia joto lisipenye. Nilifurahi mno. Sasa aiskrimu zinageuka maji kabla ya saa sita, na wateja wananiuliza kama nimewaletea mirija. Nilipolalamika, muuzaji yule yule akanijibu bila kupepesa macho: "Mzee wangu, povu nalo linazeeka. Gesi inatoka kidogo kidogo, hewa inaingia." Malalamiko yangu ni haya:

1. Gesi imeondoka bila kuaga. Hata mpangaji mkorofi hurudisha ufunguo.

2. Hewa iliyoingia sikuikaribisha. Ni hewa ya hapa mtaani, naijua, haijawahi kufanya kazi yoyote ya maana.

3. Namshuku jirani yangu, fundi cherehani. Siku hizi chumba chake kina ubaridi usioelezeka, na anacheka peke yake. Nilikwenda kunusa dirishani kwake, mkewe akanimwagia maji. Yalikuwa ya baridi! Nayatoa kama ushahidi.

4. Mke wangu amesema Jumamosi, kwenye harusi ya binti yetu, aiskrimu zikiyeyuka mbele ya wakwe, sanduku litageuzwa kabati la viatu, nami niende kubeba vyuma kwa shemeji yangu, fundi majokofu. Bwana Meneja, naipenda kazi yangu. Watoto wakisikia kengele yangu huacha kila kitu wakaja mbio. Naogopa kuikosa.

Kwa hiyo naomba mtume watu waikamate gesi yangu, wairudishe ndani ya kila kijipovu, na hewa ifukuzwe. Mkishindwa, nitaiomba serikali ipige marufuku kuzeeka. Mama mkwe yuko tayari kutia sahihi.

Wasalimie wafanyakazi wote, hasa walinzi wa gesi, japo walilala kazini.

Mimi mteja wako mwenye majonzi,
Muuza Aiskrimu

Tanbihi: Shemeji amepita, ameisoma barua hii na kucheka mpaka akakaa chini. Anauliza nani alibandua bati lililofunika povu, maana ndilo linaloizuia gesi isitoke haraka. Ni mimi, siku ile ile niliyolinunua sanduku, ili povu lipate hewa safi. Bati nikaezekea banda la kuku. Kuku hawana malalamiko. Mke wangu alikuwa amesimama nyuma ya shemeji, na ameshaanza kupanga viatu.