Somo la Saa Tatu: Wazee Hawafungwi

Jumatatu, 5 Machi 2001

Hatimaye wamenikumbuka! Masista Françoise, sista mukubwa wa nyumba yetu ya wazee hapa Cimpunda, ameniita asubuhi. Barabara ya Nyangezi imefungwa tena. Wanafunzi wetu wa uuguzi wamekwama huko kwenye mazoezi, wengine wako Lwiro. Basi watafundishwa kwa foni, ile redio ya kupokezana ya paruasi, yaani parokia, kila siku saa tatu. Na mwalimu ni nani? Mimi, infirmier Zagabe, miaka kumi na moja ya kazi ya uuguzi! Somo: kutunza wazee bila kuwafunga kwenye viti na vitanda.

Kuna jambo lingine, tena tamu. Mwisho wa wiki Masista atachagua mukubwa wa masomo. Ni mimi au Laurette. Laurette! Mutoto wa juzi, diploma yake bado inanuka wino. Mukubwa wa masomo ana bureau yake, bureau ina mlango, mlango una ufunguo. Leo nimepita kuichungulia mara tatu.

Tatizo moja tu: Papa Cyprien. Faktere wa zamani, miaka themanini na kitu. Posta imefungwa tangu vita, lakini nani wa kumwambia? Saa tatu kamili anasimama kwenda kugawa barua. Wakati mmoja tulimkuta kwenye barière, kizuizi cha barabarani, anawauliza waaskari majina yao ili awatafutie barua zao. Sasa mimi nifundishe saa tatu, na nimkimbize muzee saa tatu? Mimi si mapacha.

Jumanne, 6 Machi

Dawa imepatikana. Nimemleta Papa Cyprien ndani ya chumba cha foni, nikamkalisha kwenye kiti, nikamzungushia kikwembe, kitenge kile cha wamama, fundo nyuma. Fundo la upendo. Kisha nimefundisha saa nzima juu ya ubaya wa kufunga wazee. Nimesema vizuri, jamani! Nimesema mtu aliyefungwa anadhoofika miguu, anapata vidonda, anakata tamaa. Nimeguswa mimi mwenyewe. Papa Cyprien alisikiliza kuliko wote. Hakupiga makofi, kwa sababu mikono ilikuwa ndani ya kikwembe.

Kasoro ni wanafunzi. Kwenye foni ukishika kitufe unasema wewe. Ukikiachia wanasema wao. Huo ndio ubaya wake. Nimekiachia kidogo tu nipumue, Hugues wa Nyangezi akaingia: sasa mwalimu, muzee akikataa kukaa, tunafanya nini? Eti tunafanya nini! Nimemjibu kwamba hilo liko kwenye somo la kesho. Kesho nitamjibu kwamba lilikuwa kwenye somo la jana.

Jumatano, 7 Machi

Laurette ameingia bila kubisha, akaona kikwembe. Hakupiga kelele. Anajua kukera kwa sauti ya chini. Amesema anajua nimekuwa nikimfunga huyu muzee tangu Noeli, kila zamu yangu. Amesema miguu yake imebaki mifupa, na wiki chache tena hatasimama kamwe. Kisha ameomba nimwachie yeye Papa Cyprien asubuhi zote. Umeona ujanja? Anataka kuninyang'anya muzee!

Eti ana mbinu. Mbinu yenyewe: ameokota bahasha za zamani, amempa Papa Cyprien, wanazunguka naye kitanda kwa kitanda wakigawa barua. Nimewachungulia. Kila hatua kumi muzee anasimama kupumua, na Laurette anamngoja. Anamngoja! Na bahasha ziko tupu! Wazee nao wanazipokea kwa mikono miwili, aksanti, aksanti, mmoja akalia. Walipomaliza, Papa Cyprien akakaa mwenyewe, kimya, mpaka saa ya kula. Bahati tu. Nimemwambia Laurette kwamba sayansi haifanywi kwa bahasha.

Alhamisi, 8 Machi

Habari kubwa. Kesho Masista atasikiliza somo langu kutoka foni ya paruasi ya mujini, halafu ataamua. Sijalala mchana.

Mpango ni huu. Kwanza, Papa Cyprien anarudi kwangu, kwenye kiti. Masista akirudi mapema akamkuta anatembea na yule binti na bahasha zao, mimi nimekwisha. Pili, Hugues. Huyo lazima anyamazishwe. Nimepata bandeji nzuri ya kunyumbulika kwenye kabati. Kesho nitakizungushia kitufe cha foni mara nne, kibaki kimebonyea. Nitasema mimi tu, hakuna atakayeingia. Sijui kwa nini walimu wengine hawajafikiri hivi.

Ijumaa, 9 Machi

Yesu Maria.

Somo lilienda kama maji. Dakika arobaini, hakuna swali hata moja! Nikamalizia kwa kusema kwamba katika nyumba yetu neno kamba limesahaulika. Nikawaaga. Papa Cyprien akaanza kujipinda kwenye kiti, nikamwambia atulie, la sivyo naongeza kikwembe cha pili. Akaendelea. Nikatoka kukitafuta.

Bandeji. Sikuitoa bandeji!

Nilikaa huko kama robo saa, kwa sababu vikwembe vyote vilikuwa vimeanikwa, na Maman Colombe wa jikoni hakutaka kunipa kimoja kikiwa kibichi. Niliporudi, muzee alikuwa amekivuta kiti mpaka mezani, mdomo uko kwenye mikro ya foni. Sauti yake ilikuwa ya mtu wa ofisi. "Allô. Hapa ni Cyprien, faktere. Nimefungwa kwenye kiti. Sikuiba, sina wazimu. Agathe, mutoto wangu wa Nyangezi, kama unanisikia, uje uwaombe waniachie. Nimechelewa kazi."

Alikuwa anairudia kwa mara ya sijui ngapi. Nyangezi walisikia, Lwiro walisikia, Masista alisikia. Na hakuna aliyeweza kumkatiza, kwa sababu fundi wa kitufe ni mimi. Nikang'oa bandeji. Halafu Hugues, kwa heshima zote: mwalimu, na hilo liko kwenye somo la lini?

Jumamosi, 10 Machi

Laurette ni mukubwa wa masomo. Basi, nimeandika.

Masista hakunitukana. Ameniamuru tu nimfungue Papa Cyprien mwenyewe, mbele yake, maana tangu jana muzee alikuwa hataki kuguswa na mtu mwingine. Muzee mwenyewe alisema aliyefunga ndiye afungue. Amelala na fundo langu! Imenichukua muda, kwa sababu nikifunga nafunga. Ametusukuma mikono, akasimama kwa fahari, akapiga hatua moja, akaanguka kwa magoti. Masista akafunika uso. Nimeeleza kwamba sakafu ilikuwa na maji. Haikuwa na maji.

Jumatatu, 12 Machi

Agathe amefika. Kwa miguu kutoka Nyangezi, barière tatu, wakamnyang'anya kitunga na viatu. Alikuwa sokoni mtu alipomkimbilia kumwambia baba yake analia kwenye foni. Nilijiandaa kwa matusi. Hakutukana. Amechuchumaa, ameshika nyayo za baba yake, amezisugua, kisha ameniuliza jina langu kamili, taratibu. Afadhali angenipiga.

Anataka kumrudisha nyumbani. Gari hakuna, itabidi watembee, na Papa Cyprien anafika portail tu, geti letu, pale anaomba kiti. Agathe amelia kwa sauti. Laurette amemwambia ampe wiki mbili, Agathe mwenyewe alale hapa, watamtembeza wote wawili. Mimi sikuhesabiwa. Mimi natumwa Lwiro, nikakae na wanafunzi, nisikilize somo la saa tatu la Mademoiselle Laurette. Miaka kumi na moja ya kazi! Nimesema nitakwenda, kwa sababu hakuna aliyekuwa ananiuliza.

Jumapili, 1 Aprili

Hugues ametangaza kwenye foni, baada ya misa, huku anapiga vigelegele, mwanaume mzima. Papa Cyprien amefika Nyangezi! Siku tatu njiani, fimbo mkononi, Agathe ubavuni. Kila nyumba waliyolala ameacha bahasha. Wanafunzi walimngoja barabarani, akawauliza majina.

Hapa Lwiro watu wote wamepiga makofi. Mimi nilitoka nje kidogo. Kisha nikafikiri vizuri. Mtu hafiki mbali hivyo kama miguu yake haikupumzishwa kwanza. Na nani aliipumzisha, tangu Noeli? Lakini hakuna aliyelitaja jina langu.

Jumanne, 3 Aprili

Leo nimegundua kitu kikubwa. Kuna maman mmoja muzee tunayemtunza hapa, Maman Cibalonza, hatulii, kila dakika anasimama. Laurette amefundisha asubuhi kwamba mtu kama huyo aulizwe anakwenda wapi, apelekwe. Apelekwe na nani? Nina madaftari ya kupanga.

Nimetafuta fotei, kiti kikubwa cha mikono cha zamani cha wazungu wa kituo cha utafiti cha hapa, chenye shimo katikati. Nimemtumbukiza humo. Nyuma ukuta, mbele nimesukuma meza ile nzito, miguu yake haigusi chini. Kamba hakuna. Kikwembe anavaa chake tu, kama mwanamke mwingine yeyote. Njoo ukague, Masista! Nimeandika ukurasa mzima kwa ajili ya kuufundisha ulimwengu, na jina langu nimeliweka juu kabisa: Njia ya Zagabe.

Tangu asubuhi Maman Cibalonza ananyoosha mkono juu ya meza, anaomba ashushwe akaone maharagwe yake kabla mvua haijanyesha. Nimemwambia, tena kwa upole, maman, wewe uko huru kabisa, nani amekushika?