Taa za Kumnasa Mzee Ngassa

Jumatatu, 4 Novemba
Hasira mpaka kichwa kinauma! Mama Kudra, jirani yangu hapa sokoni Kharumwa, kaweka taa tatu kwenye banda lake la chakula. Mimi ninayo moja, ya betri ya sola, inafifia kama mgonjwa. Na Jumamosi jioni mzee Ngassa, mwenye duara, shimo la kuchimbia dhahabu, anakuja kuchagua nani awapikie wachimbaji wake msimu mzima. Mama Kudra kaniuliza mbele ya wateja, eti kwangu kuna msiba? Nikacheka. Nikaenda nyuma ya banda nikapiga sufuria teke. Kidole kimevimba.

Jumanne, 5 Novemba
Mungu kanikumbuka! Mwanangu Mbuke yuko darasa la sita, wanasoma umeme. Kanieleza: mkondo unatoka kwenye betri, unapita kwenye waya, unaingia kwenye taa, unarudi kwenye betri. Nikamuuliza sasa ulitoka kufanya nini. Akasema mama, sikiliza kwanza. Nimesikiliza. Nimeelewa yote. Ila nimemkataza kugusa waya, bado mdogo. Nitagusa mimi, nimeshazaa. Mawingu yametanda, nimefunika hata kioo cha ukutani kisivute radi.

Alhamisi, 7 Novemba
Nimenunua taa mbili. Nimezifunga zote tatu kwenye waya mmoja, moja nyuma ya nyingine, kama samaki kwenye kamba. Nilivaa mabuti ya mvua ya baba Mbuke. Nikawasha. Aibu! Zinawaka kama vichwa vya sigara. Nikaenda kumgombeza Valerian muuza taa, kwamba kaniuzia zilizochoka. Akazijaribu mojamoja, zote zikang'aa. Akauliza nimezifungaje. Nikakusanya taa zangu nikaondoka. Anauliza mambo ya ndani ya watu!

Ijumaa, 8 Novemba
Mbuke katazama kazi yangu, kashika kiuno kama bibi yake. Anasema kila taa ina ukinzani, yaani inauzuia mkondo. Ukizipanga kwenye njia moja, ukinzani unajumlishwa, mkondo unapungua. Kila taa ipewe njia yake. Nikafunga upya, yeye anaelekeza kwa mbali, nimemvalisha ndala. Zikawaka! Nikapiga vigelegele. Mama Kudra akachungulia, nikajifanya naimba kwaya.
Lakini usingizi hauji. Kumbe mbaya wetu ni ukinzani! Sasa mbona namfuga?

Jumamosi, 9 Novemba
Nimeutoa ukinzani.
Mbuke alikuwa kwa shangazi yake, hakuna wa kunikatiza. Mzee Ngassa kafika jua linazama. Kaniita mayo, yaani mama, kwa heshima kabisa, kaagiza ugali na sato. Kala matonge mawili, kasifu. Mama Kudra kule kanuna! Nikaona nimalize kazi, taa ziwake zaidi. Nikachukua waya mnene, mtupu, nikaunganisha chanya na hasi, bila taa katikati, mkondo ujipitie bila kusumbuliwa.
Cheche! Waya ukawa mwekundu. Betri ikatoa moshi. Taa zote zii! Nikapiga yowe, mzee Ngassa akakimbia na sahani yangu mkononi, akaenda kumalizia sato wangu kwenye banda la Mama Kudra. Na kazi kampa huyo huyo! Kasema hatari za shimoni zinawatosha vijana wake.
Mbuke karudi, kanikagua vidole, halafu kanifokea. Mimi mama yake!

Jumapili, 10 Novemba
Mama Kudra kaja baada ya ibada. Nikajua kaja kunicheka. Nikamwambia mapema, kama ni kucheka acheke aondoke. Kumbe anasema wachimbaji ni wengi, ugali ule hawezi kuusonga peke yake, na mzee Ngassa anamuulizia yule sato. Tupike wote. Nilitaka kulia, nikajikaza. Nikakubali kwa sharti moja: mambo ya umeme niachiwe mimi, kwa sababu ndimi niliyeyasomea.
Kosa nimeshaligundua. Waya ulikuwa mwembamba. Kesho natafuta mnene zaidi.
Mbuke kaficha koleo la kukatia waya. Ana akili sana mtoto huyu, ila hana imani.